Tuuze kiwanja cha Chanika ili binti yetu asome shule ya gharama?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Segerea, Dar es Salaam. Mume wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nami ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kipato chetu sote wawili, mwezi ukiwa mzuri, hufika shilingi 1,600,000. Binti yetu ana miaka minane na yuko darasa la tatu katika shule ya serikali iliyo jirani na kwetu. Mdogo wake wa kiume ana miaka minne na mwakani ataanza darasa la awali.

Binti huyu alijua kusoma kabla hajaanza shule na hakuna aliyekaa chini kumfundisha. Tuligundua siku alipoyasoma kwa sauti maandishi ya nyuma ya daladala tukiwa kwenye foleni. Sasa anafanya hesabu za darasa la tano katika kitabu cha mtoto wa jirani, na juzi alimuuliza baba yake kwa nini friji inatoa joto kwa nyuma wakati kazi yake ni kupoza, swali ambalo baba yake alilijibu kwa fahari kubwa mpaka saa nne usiku. Darasani kwao wapo watoto 112. Mwalimu wao ni mtu mwema, lakini binti akimaliza kazi yake hupewa madaftari ya wenzake asahihishe, au huambiwa aandike majina ya wanaopiga kelele. Tangu muhula huu uanze, kila Jumatatu asubuhi hulalamika kwamba tumbo linamuuma, na zahanati wamempima mara mbili bila kuona kitu. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama, kule vyote navijua, naenda kufanya nini?"

Tumetembelea shule mbili za mchepuo wa Kiingereza. Ya kwanza ipo Mbezi Beach. Ada yake ni shilingi 4,500,000 kwa mwaka na basi la shule ni 1,200,000. Ina bwawa la kuogelea, chumba cha kompyuta, na bango kubwa barabarani lenye picha za wanafunzi waliopata A katika masomo yote. Walimfanyia usaili, wakasema ana kipaji cha pekee na kwamba Januari wanaweza kumrusha moja kwa moja hadi darasa la tano. Wametupa wiki mbili tulipe nusu ya ada kwa sababu nafasi zimebaki tatu. Ya pili ipo Tabata, robo saa kwa bajaji, majengo yake ni ya kawaida, ada ni 1,900,000 pamoja na uji na chakula cha mchana, na darasa watakalompokea lina watoto 31. Hakuna anayeitaja shule hiyo mjini.

Wifi yangu anasema tumpeleke bweni Kilimanjaro, ambako anafahamiana na mkuu wa shule moja. Mume wangu yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Chanika, ambacho dalali amekikadiria milioni 12, ili mtoto asome Mbezi Beach. Mimi naogopa kuuza kiwanja, na naogopa vilevile siku binti atakapokuwa mtu mzima akatuuliza kwa nini tulithamini kiwanja kuliko yeye. Naomba ushauri wako.

Mama Profesa (ndilo jina ambalo baba yake amempa mtoto), Segerea

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mama. Nitasema msimamo wangu kwanza ili usisome barua hii ukiwa roho juu: kiwanja kisiuzwe, bweni liwekwe kando, na shule ya Tabata ichunguzwe kwa namna nitakayokueleza hapa chini kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kama itashindwa uchunguzi huo, bado jibu halitakuwa Mbezi Beach kwa masharti mliyopewa.

La bweni ni fupi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Binti yako Januari ataingia darasa la nne, kwa hiyo hata huyo mkuu wa shule anayefahamiana na wifi yako hana ruhusa ya kumlaza kwa sababu tu ya kufahamiana. Mweleze wifi hivyo, kwa heshima zote, na mazungumzo yataishia hapo bila mtu kuonekana amemkatalia ndugu yake.

Sasa fedha, ambazo katika nyumba nyingi za jiji hili hujadiliwa baada ya mtoto kushonewa sare. Ada ya Mbezi Beach na basi ni shilingi 5,700,000. Ongeza sare, vitabu, madaftari, safari za mafunzo, mahafali na michango ambayo haiandikwi kwenye fomu, na sidhani kama mtaponea chini ya 6,300,000 kwa mwaka. Mapato yenu ya mwaka, kama kila mwezi ungekuwa mzuri, ni 19,200,000. Mtoto mmoja atachukua karibu theluthi ya fedha hizo, na mdogo wake akimfuata, kwa maana sidhani mtamwambia kwamba dada alistahili na yeye hakustahili, zitakwenda karibu theluthi mbili. Kiwanja cha milioni 12 hakitoshi kumlipia binti hata miaka miwili kamili. Kwa maneno mengine, kiwanja kitaisha yeye akiwa darasa la tano, na hapo mtamtoa katika shule aliyokwisha kuizoea, jambo ambalo nimeliona likiwavunja watoto kuliko kutokupelekwa kabisa. Tabata, hata ukiweka bajaji ya mkataba na sare, nakadiria 2,800,000. Watoto wote wawili wakisoma pale, gharama yao itakuwa chini ya ile ya mtoto mmoja kule pwani.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika fomu. Kutoka Segerea hadi Mbezi Beach basi la shule halinyooki. Linazunguka Tabata kuokota watoto, linaingia Barabara ya Mandela, Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, halafu ndiyo linaishika Barabara ya Bagamoyo pamoja na magari yote ya watu waendao kazini. Watoto wa mwisho wa njia kama wenu ndio wanaochukuliwa wa kwanza, kwa hiyo binti ataamshwa saa kumi na nusu alfajiri, na jioni atarudi wakati mdogo wake amekwisha kula. Umeniandikia kwamba baba yake alimweleza habari za friji hadi saa nne usiku. Mtoto anayeamka saa kumi na nusu hawezi kukaa na baba yake hadi saa nne usiku. Atakuwa amelala juu ya kiti akiwa na soksi miguuni. Mazungumzo yale ya usiku mngeyapoteza ili mnunue bwawa la kuogelea, na mimi kwa hesabu zangu naona mngepunjika.

Nirudi kwenye zile wiki mbili na nafasi tatu. Katika usaili ule, mama, wewe ulidhani umekwenda kununua, lakini ukweli ni kwamba ulikwenda na bidhaa. Shule ya binafsi inayoishi kwa matokeo inamtafuta mtoto wa aina hii kama timu ya mpira inavyomtafuta mshambuliaji, kwa sababu picha yake ndiyo itakayokuwa kwenye bango miaka michache ijayo, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo ana haki ya kuuliza punguzo la ada, au ufadhili, au walau malipo ya awamu nne. Shule inayomsifu mtoto saa nne na kumtisha mzazi saa tano ni ya kutazamwa kwa jicho la pili.

Bango lenyewe pia lina mengi lisiyoyasema. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Fanya hivi: watoto waliofanya upimaji wa taifa wa darasa la nne mwaka 2021 ndio waliopaswa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2024. Hesabu majina ya shule hiyo katika mtihani wa kwanza, kisha hesabu katika wa pili. Ukikuta walianza 60 wakamaliza 38, uliza wale 22 walikwenda wapi. Wengine watakuwa wamehama kwa sababu za wazazi wao, hilo ni la kawaida, lakini shule inayochuja watoto dhaifu ili wastani wake upande haina miujiza ya kufundisha, na siku binti yako atakapougua au kuyumba muhula mmoja, ndipo utakapoijua tabia yake. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa shule ya Tabata. Usiionee huruma kwa sababu ni ndogo.

Kuhusu kumrusha hadi darasa la tano, nakataa. Upimaji wa darasa la nne ni wa taifa na kumbukumbu za kila mwanafunzi zinatunzwa katika mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, ambao ndio hutumika pia katika uhamisho. Anayekuambia kwamba mtoto ataruka darasa hilo, mwombe akueleze kwa maandishi, kisha uipeleke karatasi hiyo ofisi ya elimu ya halmashauri. Lakini hata kama karatasi zingeruhusu, bado yupo mtoto mwenyewe. Anatoka shule inayofundisha kwa Kiswahili kwenda inayofundisha kila somo kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hajawahi kuwa wa pili atajikuta, labda kwa miezi sita, anajua jibu la sayansi na hana maneno ya kulitamka, huku mwenzake asiye na nusu ya akili yake akinyoosha mkono kwa ufasaha. Watoto wenye kipaji huumia sana hapo, kwa sababu hawajazoea kushindwa. Darasa la nne litampa miezi tisa hivi ya kujenga lugha, huku hesabu zikimshikilia juu, kabla ya upimaji wa mwezi Oktoba. Anzeni sasa: vitabu vya hadithi vya Kiingereza rahisi, kila jioni kurasa mbili, msomaji awe yeye, na asikosolewe kila neno.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu ndilo shule. Wengi tumesikia habari za Erasto Mpemba, ila tunapenda kuisimulia sehemu ya ushindi tu. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, na akitengeneza aiskrimu aliweka kwenye friji maziwa yaliyokuwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamkejeli kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Ndipo akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam kutoa mhadhara, kijana akasimama na swali lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanasayansi wanabishana nayo hadi leo. Mpemba alikutana na walimu watatu katika kisa hicho, na huyo wa tatu, aliyekuwa tayari kusema "sijui, ngoja tujaribu", ndiye unayemtafuta, mama.

Nami sijitoi katika wale wawili wa mwanzo. Nilipokuwa nafundisha darasa la nne kulikuwa na kijana aliyemaliza hesabu zangu kabla sijamaliza kuziandika ubaoni, kisha akaanza kuwarushia wenzake vipande vya chaki. Nilimchapa muhula mzima kwa utundu. Ni mke wangu, ambaye hakuwa mwalimu, aliyeniuliza kama nimewahi kumpa hesabu ya ziada. Sikuwa nimewahi.

Kwa hiyo nenda Tabata siku ya kazi, si siku ya wazazi, na uombe kukaa nyuma ya darasa la nne kwa vipindi viwili. Shule ikikataa kabisa, ondoka. Ikikubali, usitazame kuta. Tazama nani anauliza maswali, mwalimu au watoto. Tazama mtoto aliyemaliza mapema anapewa nini. Akipewa madaftari ya wenzake asahihishe, mtakuwa mmelipa shilingi 1,900,000 kununua kile mnachokipata bure. Baada ya kipindi, muulize mwalimu lile swali la binti kuhusu friji. Simaanishi umtege kwa jibu. Sikiliza sauti yake anapokosa jibu. Muulize pia amefundisha pale miaka mingapi, kwa kuwa katika baadhi ya shule hizi walimu hubadilika kila Januari kama kalenda ya ukutani, na wanafunzi 31 chini ya mwalimu mpya kila mwaka si neema kubwa kuliko 45, ambao ndio uwiano wa serikali kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi.

Kabla ya kulipa, pata namba ya usajili ya shule na uulize habari zake katika ofisi ya wadhibiti ubora wa shule wa wilaya. Uliza pia shule imejipangaje kwa mabadiliko ya mitaala, kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na unahitaji kujua kila mtoto wako atamaliza akiwa darasa gani ili bajeti yako isiwe ya kubahatisha. Risiti zote ziwe za benki. Ukihama, namba ya PREM ya mtoto iende naye, na majina yake yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ipo njia ya tatu ambayo hukuitaja. Olympio na Diamond, zote za Upanga, ni shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, na ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na za binafsi. Nafasi hugombewa na safari ya kutoka Segerea si fupi, lakini kuuliza ni nauli ya daladala tu, na wewe unafanya kazi upande huo wa mji.

Mkumbuke pia mbele. Serikali ina shule za sekondari za vipaji maalumu, na kwa wasichana zipo Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana, ambazo huchukua waliofaulu kwa alama za juu kabisa nchini. Elimu ya sekondari ya serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, haina ada tangu mwaka 2016. Inawezekana kabisa kwamba miaka michache ijayo binti huyu atasoma na wenzake wa aina yake bila ninyi kuuza kitu, naye ataingia huko kwa akili yake na misingi mliyompa nyumbani, awe ametokea Tabata, Mbezi Beach au hapo hapo alipo.

Hadi Januari, yule mwalimu wa watoto 112 asifanywe adui. Mwendee, mweleze habari ya tumbo la Jumatatu, na umwombe jambo moja jepesi: binti akimaliza, aruhusiwe kufungua kitabu chake cha darasa la tano na kufanya hesabu zake kimya. Vitabu vya kiada vinasomwa bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Jumamosi mpelekeni Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo ina sehemu ya watoto, na mdogo wake aende naye. Maumivu yakiendelea hata baada ya hapo, mrudishe hospitali, kwa maana tumbo la mtoto mwenye akili nalo huugua kama la mtoto mwingine.

Na hilo jina la Profesa, mwombeni baba yake alipumzishe. Nasikia upendo uliomo, lakini mtoto anayeitwa hivyo mbele ya wageni huanza kuogopa maswali asiyoyajua, na kwa mtoto huyu maswali ndiyo mali yenyewe. Badala yake, fundi atafute kompresa iliyokufa, ile isiyokuwa na gesi wala umeme, ailete nyumbani Jumapili pamoja na bisibisi mbili, moja ya binti na moja ya mdogo wake, aikate juu kwa msumeno kisha awaache waifungue wenyewe.